Ushuhuda wa Mpira wa Mwisho

Jumatatu, 25 Agosti

Nimenunua daftari hili kwa ajili ya mazoezi: nani amechelewa, nani bega linamuuma, nani anakimbia kama amebeba gunia. Kurasa kumi za mbele zitakuwa za hayo. Zinazobaki ni zangu, na nitaziandika kwa Kiswahili, kwa sababu vijana wa siku hizi hawana haya ya kuchungulia. Kati ya wote ishirini na wanane ni mmoja tu anayeweza kusoma lugha hii, naye huisoma kwa kufuata neno kwa kidole kama anavyosoma kitabu cha nyimbo kanisani.

Leo nimerudi chuoni kwangu. Miaka kumi na sita. Shane, aliyekuwa mrushaji wetu wa besiboli wakati huo na sasa ndiye kocha mkuu, alinipokea mlangoni akanipiga mgongoni. Shane ni Mgoa, wazazi wake walihamia hapa kutoka Nairobi, na Kiswahili chake chote alikiokota jikoni kwa nyanya yake. "Karibu nyumbani, bwana mkubwa," akasema. Kisha akanipitisha kwenye ukumbi wa michezo makusudi, ili nione picha.

Picha bado iko, na wameiwekea fremu mpya. Nimelala kifudifudi kwenye nyasi za uwanja wa kushoto, kidevu kimejaa udongo, mkono wa glovu uko juu na mpira uko ndani. Chini wameandika jina la kombe, mwaka, na jina langu: Kinoti. Vijana wawili walikuwa wamesimama hapo. Mmoja alinitazama, akaitazama picha, akanitazama tena. Nikajifanya natafuta choo.

Jumatano, 27 Agosti

Joto la kunata. Mazoezi ya kwanza. Kazi yangu ni wachezaji wa nje, wale watatu wanaosimama mbali na kungoja mipira ya juu. Asubuhi napakia mizigo ya watu uwanja wa ndege, jioni nawafundisha vijana kungoja. Kungoja nakujua.

Kwa atakayelipata daftari hili nikishakufa, naye hajui besiboli, sheria ni hii. Mpigaji akiupiga mpira ukaenda hewani, na mchezaji akaudaka kabla haujagusa chini, mpigaji ametoka. Ukigusa nyasi kwanza, hata kwa upana wa ukucha, hajatoka, na wenzake walio kwenye besi, vile vituo vya kukimbilia, wanakimbia kufunga. Ni hilo tu. Mengine yote ni kutema maganda ya mbegu za alizeti.

Siku ya fainali tulikuwa mbele kwa bao moja, raundi ya mwisho, wapinzani wawili kwenye besi, na akitoka mmoja tu tumeshinda. Mpira ukaja upande wangu, wa chini, unazama. Nikaruka. Uligusa nyasi. Uligusa kidogo, ukadunda, ukaingia glovuni kutokea chini, ukanigonga kwenye kitako cha kiganja. Nilijua hata kabla sijaacha kuteleza. Nikageuka, nikainua mkono. Refa alikuwa mbali. Akakunja ngumi: ametoka. Wenzangu wakanirukia wakanilalia. Tukabeba kombe.

Sijawahi kuliandika hili mahali popote.

Jumapili, 31 Agosti

Nimempeleka Mama kanisani. Tunakodi ukumbi nyuma ya maduka kule Etobicoke, magharibi mwa jiji, kati ya kinyozi na duka la simu. Mchungaji ametangaza kwamba kijana wetu Kinoti sasa ni kocha wa chuo, watu wakapiga makofi, na Mama akainuka nusu kutoka kwenye kiti kana kwamba yeye ndiye aliyeitwa.

Lazima niandike habari ya Mama, maana picha ya ukutani naweza kuikwepa kwa kupitia mlango wa nyuma. Mama hana mlango wa nyuma.

Alikuwapo siku ya fainali. Besiboli haijui hata leo, anaiita "mchezo wa kusimama." Raundi ya mwisho ilipofika aliona sura za watu zimebadilika, akafumba macho akaanza kuomba. Alipofumbua, mimi nilikuwa chini na mkono juu. Akashuka hadi kwenye uzio, amekumbatia mkoba wake, akaniuliza, "Umeudaka?"

Nikamwambia, "Nimeudaka, Mama."

Refa alijiamulia mwenyewe, sikumwambia neno. Mtu niliyemdanganya kwa mdomo wangu ni mmoja, naye ni mama yangu.

Kesho yake ilikuwa Jumapili ya Shukrani, sikukuu ya mavuno ya huku. Mama akasimama kutoa ushuhuda: alivyofumba macho, alivyoomba, na Mungu alivyouweka mpira mkononi mwa mwanawe. Kanisa likalipuka. Tangu hapo, kila Shukrani, husimama na kuurudia. Watoto wa shule ya Jumapili waliwahi kuuigiza kwa chungwa na glovu ya kutolea vyungu motoni. Aliyekuwa mimi ni Elkana, mtoto wa Nyaboke, rafiki ya Mama wa kanisani, wakati huo ana miaka mitano.

Jumamosi, 6 Septemba

Mechi mbili za kwanza, tumeshinda zote. Elkana sasa ana miaka kumi na tisa, mwaka wa kwanza chuoni, na yuko uwanja wa kushoto. Uwanjani ananiita "Coach," lakini akichoka ulimi unarudi kanisani na kuniita "Anko," wenzake wakacheka.

Baada ya mechi nilimwuliza kwa nini alichagua kushoto, mahali pasipo na sifa. Alinijibu kwa Kiingereza kama kawaida yao, nami naandika maana yake: "Kwa sababu yako, Anko. Sikujua kuna nafasi nyingine."

Nikamwambia akavae jaketi, asije akashikwa na baridi. Ilikuwa nyuzi ishirini na sita.

Jumanne, 9 Septemba

Mvua. Tumefanyia mazoezi ukumbini. Picha.

Jumapili, 14 Septemba

Mama ananiambia Shukrani ya mwaka huu itakuwa kubwa, kwa kuwa sasa "mpira umezaa kocha." Anataka nivae jezi ya chuo. Nikasema nitaona.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimekaa ndani ya gari kwenye maegesho kwa dakika arobaini kabla ya kuandika.

Tulikuwa mbele kwa bao moja. Raundi ya mwisho. Wapinzani wawili kwenye besi. Naapa sitii chumvi. Mpigaji wao akaupiga kuelekea kushoto, wa chini, unazama. Elkana akaruka. Akateleza. Akauinua mkono na mpira ndani ya glovu, refa akakunja ngumi, na benchi letu lote likamiminika uwanjani.

Elkana hakukimbia. Alisimama, akajipangusa magoti, akatembea kuja ndani polepole, akapita katikati ya wenzake waliotaka kumbeba, akaenda moja kwa moja kwa refa. Nilimwona akitikisa kichwa. Nilimwona akionyesha kwa vidole viwili udogo wa ule mdundo.

Refa akamwuliza tena. Elkana akarudia. Refa akafuta uamuzi, wale wawili wakahesabiwa wamefunga, tukapoteza mechi.

Shane hakupiga kelele, na huo ndio ubaya wake. Alitupa kofia kwenye ndoo, akaniambia bila kunitazama, "Mchezaji wa nje ni wako. Maliza mambo yako."

Nikamwita Elkana kando ya uzio. Nilitaka kusema nini? Sijui. Kilichotoka ni hiki: "Refa analipwa kuwa na macho. Nani alikutuma umsaidie?"

"Ulidunda, Coach."

"Nimekuuliza, nani alikutuma?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli, bila dharau hata chembe. Akasema mpira uliodunda una uzito wake, unaingia kutokea chini, unakugonga hapa. Akanionyesha kitako cha kiganja chake. Kilikuwa chekundu. "Wewe unajua," akasema. Alimaanisha kwamba mimi ni kocha, najua mipira. Alimaanisha hilo tu.

Nikamwambia aondoke mbele yangu.

Nyani haoni kundule, hivyo ndivyo watu husema. Mimi langu naliona vizuri. Nimeliona miaka kumi na sita, na leo nimemtukana mtoto kwa sababu hana.

Jumanne, 23 Septemba

Nimemweka Elkana benchi. Nimewaambia wenzake ni "nidhamu ya timu." Mmoja, kijana mpole anayeitwa Hyder, akauliza, "Nidhamu gani, Coach?" Nikawapa mizunguko sita ya uwanja wote.

Elkana alikimbia ya kwake na ya mwenzake aliyetapika.

Jumamosi, 27 Septemba

Tumeshinda. Elkana benchi. Alikuwa akiwagawia wenzake maji.

Jumapili, 28 Septemba

Nyaboke amenikamata baada ya ibada, kwenye ile njia nyembamba ya kuelekea chai. Ni muuguzi, alikuwa ametoka zamu moja kwa moja, viatu vya kazi bado miguuni. Hakuja kwa shari.

"Kocha, habari ya siku nyingi. Nisaidie tu kuelewa. Mtoto wangu amekosa nini?"

"Hajakosa, dada. Ni mambo ya ufundi."

"Ufundi."

"Jinsi anavyosimama. Miguu."

"Nimemwuliza, anasema hajui. Nikamwambia, hapana, Anko Kinoti ni mtu wetu, hawezi kukuweka nje bure. Angalia makosa yako." Akanishika mkono kwa mikono miwili. "Asante kwa kumnyoosha. Huku watoto hawana wa kuwanyoosha."

Nikapokea shukrani. Nikanywa na chai.

Katika gari Mama naye akauliza, "Mbona mtoto wa Nyaboke hachezi?" Nikampa miguu ileile. Akasema, "Miguu yake mbona mizuri?" Halafu akalala hadi tukafika mtaa wa Weston.

Jumatano, 1 Oktoba

Majani ya bondeni yamegeuka manjano. Upepo unatoka mtoni. Siwezi kumtazama yule mtoto.

Jumanne, 7 Oktoba

Orodha ya majina ya mtoano imetumwa leo. Majina ishirini na matano kati ya wachezaji ishirini na wanane, na ikishatumwa haibadilishwi ila kwa sababu maalumu. Anayeachwa lazima aandikiwe sababu. Shane alikuwa na mkutano, akaniachia fomu.

Elkana ndiye mdakaji bora tuliye naye, na hilo hata mashine ya soda ya pale ukumbini inalijua. Lakini kila akisimama kushoto mimi ninasikia ule mdundo. Kila anapoupokea mpira vizuri ananitazama, na anatazama kama mtu anayesubiri kusamehewa. Nikafikiri: msimu ukiisha bila yeye, nitapumua.

Kwenye nafasi ya sababu nikaandika: bega.

Bega lake halina kitu. Nilitazama neno lile kwenye skrini, nikabonyeza tuma. Ilichukua muda mfupi kuliko kumenya ndizi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Elkana alikuja ofisini saa kumi jioni akiwa na mfuko wa karatasi. Akauweka mezani, akasema, "Nimesikia nina bega, Coach." Hakusema kwa kejeli. Afadhali angekejeli.

Nikamwambia ni tahadhari tu.

"Sawa." Akasimama kidogo. Kisha akaniambia kwa Kiswahili, kile chake cha kutafuta maneno, "Anko, mimi si hasira. Lakini mimi sitaki hii timu tena. Mama amefua."

Alipotoka nilifungua mfuko. Jezi, suruali, soksi. Zimefuliwa, zimepigwa pasi. Nguo ya besiboli haipigwi pasi, hakuna mtu duniani anayeipiga pasi, ni kitambaa cha kuburuzwa kwenye udongo. Nyaboke alikuwa ameinyoosha mpaka mikono ya jezi ina mistari kama shati la harusi, maana kwetu kitu cha watu hakirudishwi kichafu, hata kama wamekufukuza. Na kwenye mfuko wa nyuma wa suruali, kipande cha karatasi kwa mwandiko wake: Asante kwa nafasi mliyompa. Mungu awabariki.

Nililia. Mtu mzima wa miaka thelathini na sita, nimeziba uso kwa soksi za mtu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Asubuhi nilimkuta Shane uwanjani peke yake, anasawazisha udongo kwa reki. Nikamwambia yote. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, hata kwa ngumi.

Akaendelea na reki. "Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Nilikuwa nimesimama pale." Akaonyesha kilima cha mrushaji. "Mimi ndiye niliyeurusha ule mpira, Kinoti. Niliona nyasi zikiruka."

"Na hukusema?"

"Niseme nini? Mkono ulikuwa unaniuma, nilitaka kombe, nilitaka kulala." Akasimama, akaegemea reki. "Unafikiri nilikuita kwa sababu ya kudaka? Wadakaji wako wengi. Nilitaka mtu anayejua kushinda na kunyamaza. Juzijuzi tumepoteza mechi kwa kijana asiyejua, wewe ukamshughulikia. Vizuri. Sasa usiniharibie wiki."

Kwa hiyo ndivyo ilivyo. Msimu wote nikidhani nimeajiriwa kwa uongo wasioujua watu, kumbe nimeajiriwa kwa sababu unajulikana.

Mchana nikaenda kwa Mama, ghorofa ya kumi na moja. Alikuwa anasukuma chapati za kesho, unga mpaka kwenye viwiko, redio inaimba. Nikazima redio. Nikamwambia, "Mama, ule mpira ulidunda."

"Mpira gani?"

"Wa ushuhuda."

"Kudunda ndiyo nini?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Nilikuwa nimejipanga kukiri, sikujipanga kufundisha. Nikachukua donge la unga nikaliangusha juu ya kibao nimwonyeshe. Likaganda palepale.

"Hilo halidundi," akasema.

"Hapana. Lakini mpira ulifanya hivi." Nikatumia limau. Nikamweleza: ukigusa chini kwanza, haujadakwa. Hatukushinda. Nilijua palepale nilipolala.

Chapati ikaanza kuungua, akaigeuza, akapunguza moto. "Mimi nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza."

"Ukanijibuje?"

"Nikasema nimeudaka, Mama."

"Mara ngapi nimesimama mbele ya watu?"

"Kumi na sita."

Akaendelea kusukuma. Nikamweleza na habari ya Elkana, benchi, bega, na zile nguo zilizopigwa pasi. Nilipofika kwenye pasi, mikono yake ikasimama. Yeye na Nyaboke wamekaa kiti kwa kiti tangu Nyaboke afike nchi hii na Elkana mgongoni. Hakunitukana. Mama yangu ana maneno, wanaomjua wanajua, na leo hakutumia hata moja. Alifunga chapati tano kwenye karatasi ya fedha, akanipa, akasema, "Nenda nyumbani kwako."

Kwenye lifti karatasi ilinichoma vidole. Nimezila zote, na sikusikia ladha.

Jumapili, 12 Oktoba

Niliamka na uamuzi. Mchungaji akishaita ushuhuda, nitasimama kabla ya Mama. Nilijiambia kwenye kioo, nikajiambia kwenye taa nyekundu tatu.

Ukumbi ulijaa. Maboga mezani, chapati, pilau, na wageni kutoka Scarborough waliopanda mabasi mawili. Mama alikuwa amefika kwa lifti ya dada yangu Kagendo, amekaa mbele, kitambaa cheupe kichwani. Hakugeuka. Nyaboke pembeni yake. Elkana nyuma, karibu na spika, anatazama viatu vyake.

Mchungaji akasema, "Na sasa, wapendwa, mnajua ni nani tunamngoja." Watu wakacheka kwa upendo. Huu ulikuwa wakati wangu. Nikaweka mikono kwenye magoti nisimame.

Miguu ikakataa. Najua watu wengi huandika hivyo wakiogopa, lakini mimi naandika kilichotokea. Nilikaa. Nikamwona Mama akiinuka, akaenda kwenye kipaza sauti, akakishusha kimfikie.

"Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Mnanijua. Kila mwaka nawaletea habari ya mpira. Mwaka huu nimekuja kuurudisha." Watu wakacheka tena, wakidhani ni utani mpya. Akangoja wamalize. "Siku ile nilikuwa nimefumba macho. Sikuona kitu. Nilifumbua nikaambiwa, nikaamini, nikasimama hapa nikaapa kama mtu aliyeona. Nimeshuhudia nisichokiona, na nikamtia Mungu ndani yake. Mpira haukudakwa. Uligusa chini. Nyaboke, mwanao alisema kweli juu ya jambo hilohilo, akaadhibiwa, na aliyemwadhibu ametoka nyumbani kwangu. Nimewadanganya. Nawaomba msamaha."

Akasema "nimewadanganya." Yeye. Jina langu hakulitaja. Mama yangu, mwenye miaka sabini na moja, aliubeba uongo wangu mbele ya kanisa zima kwa sababu mimi nilikuwa nimekaa.

Mzee mmoja akasema "Amina" kwa mazoea, ikabaki hewani peke yake.

Hapo miguu ikapatikana. Nilisema kutoka nilipokuwa, bila kipaza sauti, kwamba Mama hakudanganya, alidanganywa. Kwamba nilijua tangu nikiwa chini. Kwamba Elkana hana bega wala miguu mibaya, niliandika uongo kwenye karatasi ya chuo ili nisimwone. Sikusema vizuri. Nilirudia neno "bega" mara nyingi mno. Nilipomaliza hakuna aliyepiga makofi, na nashukuru. Kwaya ikaimba nusu ya wimbo.

Nyaboke alinipita mlangoni, akarudi. "Nimekusikia, Kocha. Lakini zile nguo nilizipiga pasi nikimgombeza mtoto. Nilimwambia ana kiburi. Hilo nalo ulijue."

Nimelijua. Naliandika ili nisipate nafasi ya kulisahau.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimekwenda ofisi ya michezo. Mwanamke wa hapo, Stephanie, aliniuliza mara tatu kama naelewa ninachosaini. Nimeandika: sababu niliyotoa haikuwa ya kweli, mchezaji ni mzima. Nikamwambia na habari ya picha ya ukumbini. Akasema picha si idara yake.

Alhamisi, 16 Oktoba

Barua pepe mbili. Jina la Elkana limerudishwa kwenye orodha. Langu limeondolewa kwenye timu. Shane ametuma ujumbe wa neno moja kwa Kiswahili cha nyanya yake: "Mjinga." Nilimpelekea Nyaboke ile barua ya kwanza. Amejibu, "Jezi niliyowarudishia iko wapi?" Nimempelekea mlangoni. Bado ilikuwa na mistari ya pasi.

Jumamosi, 18 Oktoba

Baridi ya kuuma masikio. Nilisimama nje ya uzio kama mpita njia. Elkana aliingizwa raundi ya saba, akadaka mmoja, mwepesi. Tumefungwa mabao mawili, msimu umeisha. Picha bado iko ukutani, Hyder kaniambia.

Mama hajanipigia simu wiki nzima.

Jumapili, 19 Oktoba

Elkana alinipigia baada ya ibada. "Anko, winter inakuja. Unaweza kunipigia michache?" Hakuniita Coach, na kwa mara ya kwanza hakukosea.

Tulikutana kwenye uwanja wa wazi pale Weston, kando ya mto. Treni ya uwanja wa ndege ilikuwa inapita kila robo saa. Nyaboke alimleta kwa gari, na mlango wa nyuma ulipofunguka akashuka Mama, koti refu, kiti cha kukunja mkononi. Akanisalimia kwa kichwa. Akakifungua kiti chake mwenyewe, nilipoenda kumsaidia akanikwepa.

Nilimpigia Elkana mipira kama arobaini. Anadaka vizuri kuliko nilivyowahi kudaka mimi, na nilimwambia, kwa sauti, mbele ya mama yake. Kisha akasema, "Sasa wewe," akachukua gongo, akanirushia glovu yake.

Mimi ni mzito sasa. Nikakimbilia kushoto nikihema. Michache ya kwanza ilikuwa ya huruma. Halafu akapiga mmoja wa chini, unazama, na mwili wangu ukafanya ulichojua kabla sijaushauri. Niliruka. Nikateleza kifudifudi kwenye nyasi baridi, kidevu kikajaa udongo, na nilipogeuka mpira ulikuwa ndani ya glovu.

Kutoka kule kwenye kiti chake Mama akaita, "Umeudaka?"

Kiganja kilikuwa kinaniuma pale chini, kwenye kitako.

"Hapana, Mama," nikasema. "Umedunda."

Mama alikuwa amesimama, mikono kwenye mifuko ya koti, macho wazi kabisa.

"Nimeona," akasema.